Kumrekodi fundi simu: ni kosa au ushahidi?

Wadau, nina ugomvi na fundi simu mmoja mitaa ya Agrey na Likoma, pale Kariakoo (duka silitaji). Nilimpa simu abadilishe kioo, ikarudi haiwaki kabisa. Nilipompigia kwa simu ya kuazima alikubali kwamba aliiunguza na kwamba atalipa. Nilipomfuata dukani akaruka kimanga. Nikamwambia maongezi yetu nimeyarekodi, akaja juu: "Hilo ni kosa, kaka, nakufunga wewe!" Laki tatu na nusu yangu iko hapo, basi nikaenda kuchimba.

Hofu ya fundi haikutoka hewani. Hifadhi ya mawasiliano binafsi iliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984, pamoja na haki nyingine, na iko ibara ya 16. Enzi hizo simu ni ya mezani, na wa kuogopwa ni Serikali, sio mteja mwenye kinyongo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta: kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai, na kutangaza yaliyonaswa hivyo ni kosa pia. Anayelengwa ni anayejipenyeza kwenye maongezi ya watu. Mimi nilikuwa mmoja wa wazungumzaji. Nionavyo, sikujipenyeza popote.

Upande wa mahakama ndio wenye utamu. Mwaka 2000, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara hapa Dar, Trust Bank iliidai Le-Marsh Enterprises, ikaleta karatasi zilizochapwa na kompyuta. Wakili akapinga: Sheria ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, vitabu vya benki maana yake ni vitabu! Jaji Harold Nsekela akazikubali, kwa hoja kwamba sheria lazima iende na teknolojia inayobadili biashara. Bunge lilifuata taratibu (kama kawaida yetu): marekebisho ya 2007 yakagusa kesi za jinai na kumbukumbu za benki, halafu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikafungua mlango kwa kesi zote. Hakimu hawezi kuikataa rekodi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Atapima ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, kama imechezewa, na mwenye sauti ametambulikaje. Kwa hiyo usiikate hata sekunde moja, na simu iliyorekodi usiiuze.

Kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ni habari nyingine. Mnakumbuka Julai 2019, sauti za vigogo wa CCM wakimteta Rais Magufuli zilivyosambaa nchi nzima? Nchi ilijadili walichosema. Waliouliza nani alinasa simu zile hawakuwa wengi. Nape Nnauye, mmoja wa waliosikika, alikwenda Ikulu Septemba mwaka huo kuomba radhi, akasamehewa. Mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na waziri mwenye dhamana ya mawasiliano siku inapita? Nape huyo huyo.