Jina, Mtaa na Mji

Mwaka 1934 kampuni ya Takarazuka, ambayo waigizaji wake wote ni wanawake, ilifungua ukumbi wake wa Tokyo karibu na bustani ya Hibiya. Miaka 10 baadaye serikali ya Japani ilifunga kumbi kubwa za burudani kwa sababu ya vita, na jengo hilo likageuzwa karakana ya maputo ya karatasi yaliyokusudiwa kuvuka bahari ya Pasifiki na kuangusha mabomu Marekani. Kisha, mwaka 1945, Japani ikashindwa. Wamarekani walioikalia Tokyo waliutwaa ukumbi, wakaufanya mahali pa kuwaburudishia askari wao, wakaupa jina jipya: Ernie Pyle. Kwa takribani muongo mmoja Wajapani walicheza na kupiga muziki kwenye jukwaa lile, na mmoja wa waliotunga michezo yake alikuwa mcheza ngoma mashuhuri Michio Ito. Kuketi ukumbini na kutazama hawakuruhusiwa.

Huyo aliyepewa heshima ya ukumbi hakuwa mwigizaji wala mtunzi wa tamthilia. Alikuwa mwandishi wa gazeti, na risasi ya Kijapani ilikuwa imemuua mwaka uleule wa 1945, mwezi Aprili.

Yeye mwenyewe alipanda jukwaani baadaye sana, kupitia mwili wa mtu mwingine. William Windom alikuwa mwigizaji ambaye watazamaji wa filamu walimjua kama mwendesha mashtaka katika To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962, na ambaye watazamaji wa televisheni wa miaka ya baadaye wanamkumbuka kama yule daktari mzee wa Murder, She Wrote. Mwaka 1970 alipata tuzo ya Emmy kwa tamthilia ya televisheni iliyotokana na maandishi ya mcheshi James Thurber. Alipoona kwamba maneno ya Thurber yanamkaa vizuri mdomoni, aliyachukua akaanza kuzunguka nayo nchini Marekani akiwa peke yake jukwaani. Kisha akafanya hivyohivyo kwa maneno ya Ernie Pyle.

Igizo la mtu mmoja ni kazi ya hatari. Mwigizaji akisahau maneno, hakuna mwenzake wa kumdaka. Akichosha, hakuna atakayeingia kutoka pembeni kubadili hali ya hewa. Fanani anabaki na hadhira yake, kama bibi na wajukuu usiku wa ngano, ila hawa wamelipa kiingilio na hawatasinzia kwa adabu. Kwa hiyo si kila mwandishi wa vita anayefaa kuigizwa namna hiyo. Wengi wao waliandika kama watu waliosimama mbele ya ramani: divisheni hii imesogea, mto ule umevukwa, jenerali fulani ametabasamu. Mweke mtu wa namna hiyo peke yake jukwaani, na baada ya dakika 20 watu wataanza kutazama saa. Pyle aliandika tofauti, na tofauti hiyo aliipata kabla ya vita, barabarani.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1900 karibu na mji mdogo wa Dana, jimbo la Indiana, mtoto pekee wa wazazi waliolima shamba la kukodi. Jembe halikumvutia hata siku moja. Alikwenda Chuo Kikuu cha Indiana, akahariri gazeti la wanafunzi, na mwaka 1923 akaacha masomo kabla ya kuhitimu ili apokee kazi katika gazeti la mji wa La Porte. Muda mfupi baadaye alikuwa Washington, kwenye Washington Daily News, gazeti la kampuni ya Scripps-Howard. Mwaka 1925 alimwoa Geraldine Siebolds, ambaye kila mtu alimwita Jerry.

Kuanzia mwaka 1935 kampuni ilimpa kazi ambayo waandishi wengi wangeililia: azunguke popote apendapo na aandike safu sita kwa wiki juu ya lolote atakalokutana nalo. Alizunguka na Jerry kwa gari, wakalala hotelini, wakaivuka Marekani mara zisizopungua 30. Alifika Alaska. Alifika Molokai katika visiwa vya Hawaii, akaandika juu ya watu waliotengwa huko kwa ugonjwa wa ukoma. Safu sita kwa wiki ni nyingi mno kwa mtu anayetafuta mambo makubwa, basi Pyle akajifunza kutoyatafuta. Aliandika kama mtu anayewapelekea ndugu zake barua: nilikutana na mzee mmoja, alikuwa amevaa hivi, akaniambia hivi. Mapenzi ya wasomaji kwake yalianzia hapo, wakati ambapo hakuna bomu lililokuwa limeanguka popote karibu naye.

Desemba 1940 alikuwa London. Usiku wa tarehe 29 ndege za Ujerumani ziliimwagia mabomu ya moto sehemu ya kale ya jiji, naye akatazama kutoka kwenye roshani ya juu. Safu aliyoandika ilikiri jambo ambalo waandishi wengi wangelificha: kwamba mandhari ile ya kutisha ilikuwa na uzuri wake, na kwamba aliuona.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Jerry aliteswa na pombe na huzuni nzito isiyopona. Walikuwa wamejenga nyumba ndogo Albuquerque, New Mexico, wakitumaini kwamba kuwa na mahali pao kungemtuliza. Hakutulia. Aprili 1942 waliachana, na mwaka uliofuata, mume akiwa vitani Afrika Kaskazini, wakafunga ndoa upya kwa uwakilishi, kila mmoja bara lake. Naona waandaaji wa igizo lolote la Pyle hapa wana kishawishi kikubwa. Ukimweka Jerry mno utapata mchezo wa kuliza kuhusu ndoa. Ukimwacha kabisa utapata sanamu ya shujaa. Barua alizomwandikia zipo, na ndani yake yumo Pyle ambaye safu zake hazikumwonyesha wazi: mwoga, mchovu, mwenye shaka juu ya kila alichoandika.

Alifika Algeria Novemba 1942, akawafuata askari wa miguu wa Marekani mpaka Tunisia. Alikuwa na umri wa miaka 42, uzito wa kilo kama 50, upara, na kifua kisichoacha kukohoa. Alilala chini walikolala wao na kula makopo waliyokula wao. Mambo mengi aliyahifadhi kichwani mpaka atakapokaa mbele ya taipureta, lakini majina hakuyaacha kichwani. Daftari lake lilikuwa la majina na anwani.

Ukifungua safu zake leo, jambo la kwanza linalokugusa ni hizo anwani. Mara nyingi askari anayetajwa anatajwa jina, cheo, namba ya nyumba, mtaa na mji wa kwao. Mhariri wa leo angezikata kwa kuziona ni mzigo. Lakini fikiria gazeti likiwa mezani jikoni, katika mji wa watu 2,000 ambako kila mtu anaujua mtaa huo. Anayesoma anasimama na kumwita jirani. Mwishoni safu yake ilikuwa ikichapishwa na magazeti 400 ya kila siku na mengine 300 ya kila wiki, na pengine katika kila mji kulikuwa na mama aliyetafuta kwanza anwani, ndipo asome habari. Na jukwaani anwani hizo zinafanya kazi ambayo hakuna taa wala muziki unaoweza kuifanya. Mwigizaji yuko peke yake, lakini kila anapotamka jina na mtaa, mtu wa pili anaingia. Baada ya saa moja jukwaa limejaa.

Safu yake inayojulikana kuliko zote inahusu mtu ambaye Pyle hakumjua akiwa hai. Kepteni Henry T. Waskow wa Belton, Texas, aliongoza kombania katika Divisheni ya 36. Aliuawa tarehe 14 Desemba 1943, akiwa na miaka 25, kwenye milima iliyo juu ya San Pietro, Italia. Njia zilikuwa mbaya mno kwa magari, hivyo maiti zilishushwa usiku kwa nyumbu, mbalamwezi ikiwaka. Pyle alikuwa chini ya mlima walipofika. Aliona maiti ya kepteni ikiteremshwa na kulazwa kando ya ukuta wa mawe pamoja na nyingine, kisha vijana wake wakaja mmoja mmoja. Mmoja alilaani kwa sauti. Mwingine alimwomba marehemu radhi. Wa mwisho aliketi, akaushika mkono wa kepteni kwa dakika kadhaa bila kusema neno, akaweka vizuri kola ya shati, akapanga kitambaa kilichochanika karibu na jeraha, akaondoka zake peke yake.

Hakuna zaidi ya hapo. Pyle hasemi vita ni vibaya, wala hasemi Waskow alifia nini. Baada ya kuiandika alidhani ameshindwa, kwamba uchovu umemmaliza kipaji, ikabidi wenzake waisome wamtulize. Tarehe 10 Januari 1944 Washington Daily News iliondoa kila kitu kwenye ukurasa wa kwanza na kuweka safu hiyo peke yake. Mwaka huo alipata tuzo ya Pulitzer.

Nimewahi kuwasikia watu wakiisoma safu ya Waskow kwa sauti, na karibu wote hukosea palepale: wanalia kabla ya msikilizaji. Imeandikwa kwa sauti ya mtu anayejizuia. Mwigizaji anayeijua kazi yake ataisema kama mtu anayetoa maelezo ya njia kwa mgeni.

Juni 1944 alitua Normandy, Ufaransa, siku moja baada ya uvamizi wa majeshi ya Washirika na akatembea kwenye ufuo ulioitwa Omaha. Alihesabu vitu vilivyotapakaa mchangani: miswaki, barua, picha za familia, Biblia za mfukoni. Kulikuwa na mbwa aliyekuwa akirandaranda akimtafuta mwenyewe. Kulikuwa na raketi ya tenisi ambayo askari mmoja aliibeba kwenda kwenye uvamizi mkubwa kuliko wote, imebanwa kwenye fremu yake, hata uzi mmoja haujakatika. Mwezi uliofuata, karibu na Saint-Lô, ndege za Marekani zenyewe ziliwaangushia mabomu askari wao naye akiwa miongoni mwao. Luteni Jenerali Lesley McNair alikuwa mmoja wa waliokufa. Paris ilipokombolewa Agosti, Pyle alikuwapo. Septemba aliwaambia wasomaji wake waziwazi kwamba hawezi tena, akarudi nyumbani.

Wakati huo alikwishakuwa mtu mkubwa, jambo ambalo halikumfurahisha. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha nyongeza ya dola 10 kwa mwezi kwa askari wa miguu wanaopigana, wazo ambalo yeye alilipigia debe katika safu. Hollywood ilikuwa ikitengeneza filamu, Burgess Meredith akimwigiza. Lakini vita vya Pasifiki vilikuwa bado havijaisha, na alihisi hana haki ya kubaki nyumbani.

Alikwenda Januari 1945, bila hamu. Kwenye manowari ya kubebea ndege iitwayo Cabot alikuta amri iliyogusa kiini cha kazi yake: jeshi la majini lilikataza kutaja majina ya mabaharia. Aligombana nao. Mwishowe walimruhusu yeye peke yake, ushindi ambao haukumpendeza.

Tarehe 17 Aprili alishuka na Divisheni ya 77 kwenye kisiwa kidogo cha Ie, kando ya Okinawa. Kesho yake asubuhi alikuwa ndani ya jipu pamoja na Luteni Kanali Joseph Coolidge, bunduki ya rashasha ilipofyatuliwa. Waliruka mtaroni. Pyle aliinua kichwa kumtazama mwenzake na kumuuliza kama yuko salama. Risasi ilimpiga kwenye panja la kushoto, chini ya ukingo wa kofia ya chuma. Mfukoni mwake walikuta rasimu ya safu aliyoiandaa kwa siku ambayo vita vya Ulaya vingekwisha. Haikuwa ya shangwe. Ilihusu maiti, wingi wao, mpaka unapoanza kuwachukia. Jerry alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo.

Ukumbi wa Tokyo ulirudishwa kwa wenyewe mwaka 1955, na jina la Kimarekani likashushwa.

Windom naye alizaliwa mwaka 1923. Katika vita hivyohivyo alikuwa askari wa miamvuli katika Kikosi cha 508 cha Divisheni ya 82, mmoja wa wale vijana ambao Pyle aliwazidi zaidi ya miaka 20 na aliowatazama kama baba. Vita vilipokwisha jeshi lilifungua chuo cha muda Biarritz, kusini mwa Ufaransa, ili askari waliosubiri meli wasome kitu, na huko ndiko alikoanza kuigiza. Pyle alikufa na miaka 44. Windom alipoanza kuzunguka na maandishi yake alikwishavuka umri huo, na aliendelea kuyasema mpaka nywele zikawa nyeupe: kijana wa daftarini sasa ni mzee kuliko mwenye daftari, amesimama peke yake chini ya taa, anataja jina, mtaa na mji.