Miti 2,965 kwa Hekta

Mwaka 1935 wataalamu wa misitu wa Dola ya Uingereza walikutana Afrika Kusini. A. J. O'Connor, mtafiti wa misitu wa nchi hiyo, aliwaandalia makala kuhusu swali la kila mpanda miti: msindano upewe nafasi kiasi gani?

Desturi ya Ulaya ilisema msitu uachwe usongamane, upunguzwe kidogo kidogo. Lakini patula, iliyotoka Meksiko, ilikua huko kwa kasi isiyojulikana Ulaya. Ian Craib, aliyekuwa amechunguza miwati, tayari alikuwa anadai miti ipunguzwe mapema na kwa wingi.

O'Connor aliamua kuiuliza miti yenyewe. Kila jaribio lilikuwa na vitalu vinane vya msingi, vyote vikipandwa miti 2,965 kwa hekta. Kimoja hakikuguswa. Vingine vilipunguzwa hatua kwa hatua: kimoja kikaishia miti 1,483, kingine 988, hadi cha mwisho kilichobaki na 124 tu. Ujanja ulikuwa kwenye wakati wa kukata. Walikata kabla majirani hawajaanza kugombea maji na mwanga, hivyo miti ilikua kama isiyo na mshindani mpaka kitalu kilipofikia idadi yake. Hapo shoka likawekwa chini. Ukichora unene wa shina dhidi ya umri, mistari inaanza pamoja, kisha mmoja baada ya mwingine inainama. Pale mstari unapoinama, ndipo msongamano huo ulipoanza kuuma. Sijaona mchoro wa takwimu ninaoupenda kuliko huu.

Kasoro ipo. Ili ukate kabla ya ushindani, lazima ukisie utaanza lini, na hilo ndilo unalolitafuta.

Hata hivyo vipimo vya vitalu vile vimelisha modeli za ukuaji kwa miongo mingi, na patula ndiyo hiyohiyo iliyojaa Sao Hill na mashamba ya wanakijiji wa Mufindi. Nafasi haibadilishi sana urefu wa mti. Hubadilisha unene, na mnunuzi wa mbao hulipia unene. Kumshauri mkulima apunguze nusu ya miti aliyonunua miche yake ni kumwomba auamini mstari wa O'Connor. Ile anayoikata mapema ataiuza kama mirunda, akipata mnunuzi. Vitalu vya Afrika Kusini vilikuwa vya serikali, vikaweza kupimwa miaka na miaka. Yeye ana ada ya Januari.