Kutoka Ngong Road hadi Mamboleo: safari ya mashabiki wa raga kuelekea ziwani

Sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2025 ziliiachia Homa Bay uwanja wa kisasa wa michezo, unaobeba jina la Raila Odinga. Tangu siku hiyo mazungumzo yamekuwa ya soka, na si ajabu. Kuanzia Mbita hadi Ndhiwa, kutoka Lambwe hadi Awendo, ukitaja mpira watu wanajua ni upi, na ukitaja Gor Mahia basi siku nzima imekwisha. Lakini upo mchezo mwingine ambao vijana wa huku wamekuwa wakipanda matatu kwenda kuutazama Kisumu, na ambao historia yake nchini ni historia ya viwanja: nani alijengewa, nani alifungiwa lango, umati ulihama lini na kwa sababu gani. Ni raga. Mwaka huu wa 2026, mashindano ya Safari Sevens yanapotimiza miaka 30 tangu yaanzishwe 1996, ni haki kuuliza umati huo ulitoka wapi, na mbona haujafikishwa kusini mwa ziwa.

Raga iliingia nchini na walowezi. Mechi ya mwanzo inayokumbukwa ni ya 1909, kati ya maafisa wa serikali ya kikoloni na walowezi wenyewe. Karibu na mwaka 1930 likaja Kombe la Enterprise, zawadi ya mabaharia wa manowari ya Uingereza yenye jina hilo, nalo bado linashindaniwa hadi leo. Chama cha Raga cha Afrika Mashariki, RFUEA, kiliundwa 1953, kikapata uwanja wake kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Mwaka 1955 timu ya British Lions, ikirejea kwao kutoka Afrika Kusini, ilipitia Nairobi ikaichapa Afrika Mashariki 39-12. Mwaka 1962 ikapita tena, na safari hiyo ikaondoka na ushindi wa 50-0. Vitabu vya raga hupenda kueleza mechi hizo kwa fahari, lakini haifai kusahau kwamba katika timu iliyojiita ya Afrika Mashariki Mwafrika hakuwa na nafasi, wala katika klabu zilizoitoa timu hiyo.

Mlango ulifunguliwa na shule. Duke of York, ambayo sasa ni Lenana, na Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, zilianza kupokea wavulana Waafrika wakati wa uhuru, na raga ikawa sehemu ya maisha yao kama ilivyokuwa kwa waliowatangulia. Chama cha Kenya kikaundwa 1970 na ligi ya Kenya Cup ikaanza. Mwaka 1977 ikazaliwa Mwamba, klabu iliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi nao wakawa na timu yao, Mean Machine. Kuanzia hapo mchezo ulikuwa wetu kwa upande wa wachezaji. Kwa upande wa mashabiki ulibaki mchezo wa waliosoma shule fulani, wanaoishi upande fulani wa Nairobi.

Kilichovunja ukuta huo ni raga ya wachezaji saba kila upande. Mechi moja ni vipindi viwili vya dakika saba saba. Asiyejua sheria anazielewa kabla ya chakula cha mchana, na kwa tiketi moja anaona mechi kuanzia asubuhi hadi jioni. Safari Sevens ilipoanza 1996 iliwaleta wageni kutoka nje, na Ngong Road ikageuka mahali ambapo vijana wa Nairobi walikutana mara moja kwa mwaka hata kama hawakuwahi kugusa mpira wenye umbo la yai. Waliosimama pale miaka hiyo wanasimulia zaidi kuhusu majukwaa kuliko kuhusu trai. Uwanja ule hauna nafasi kubwa, unabeba watu wapatao 6,000, na shabiki wa mbele yuko hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni. Anasikia mabega yakigongana. Anaimba, na mchezaji anamsikia. Nyimbo zenyewe zilikuwa za kutungwa papo hapo, nyingine za kuchekesha, nyingine zisizofaa kuimbwa mbele ya mama mkwe, na ndizo zilizompa shabiki wa raga wa Kenya sifa yake kote duniani.

Halafu ukaja mvutano ambao kwa maoni yangu ulieleza tabia ya umati huu kuliko takwimu yoyote. Umati ulizidi uwanja. Mwaka 2011 waandalizi waliihamishia Safari Sevens Nyayo, uwanja wa watu 30,000, na mwaka 2013 wakaipeleka Kasarani, wa watu 60,000. Hoja yao ilikuwa nzito. Mashindano yaliyokuwa yakivutia timu za kimataifa hayangeweza kuendelea kubanana Ngong Road huku barabara ikiziba na watu wakibaki nje ya lango. Mdhamini anataka viti, na viti vilikuwa Nyayo na Kasarani.

Wakongwe walipinga, na hawakupinga kwa ukaidi. Nyayo na Kasarani zina njia ya riadha inayouzunguka uwanja. Shabiki anakaa mbali, anatazama mchezo wa kugongana kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Wimbo unaoanzia jukwaa moja haufiki jukwaa la pili. Na umati ambao ungefurika Ngong Road ukiuweka Kasarani unaonekana haba, kwa sababu viti vitupu ni vingi kuliko watu. Kuna waliosema pia kwamba sherehe ilikuwa imeumeza mchezo, kwamba watu walikuja kwa muziki na vinywaji wakatoka bila kujua nani alishinda. Lawama hiyo naiona kali mno. Mtu anayekuja kwa sherehe mwaka huu ndiye anayemleta mdogo wake mwaka ujao, na mdogo ndiye anayeuliza kwa nini yule mchezaji ameketishwa nje kwa dakika mbili. Ila kuhusu umbali wa jukwaa wakongwe walikuwa sahihi, na kabla muongo ule haujaisha Safari Sevens ilikuwa imerudi Ngong Road.

Wakati huo timu ya taifa, Shujaa, ilikuwa ikijenga umati wake nje ya nchi. Katika Kombe la Dunia la raga ya saba saba huko Dubai mwaka 2009, Kenya iliichapa Fiji katika robo fainali, na Wakenya wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba wakaujaza uwanja kelele hadi nusu fainali, Argentina ilipotuzima. Moscow 2013 tukafika nusu fainali tena. Ndipo ikaja tarehe 17 Aprili 2016, Singapore: vijana wa kocha Benjamin Ayimba waliifunga Fiji 30-7 katika fainali na kutwaa taji letu la kwanza la msururu wa dunia, Collins Injera akifunga trai mbili siku hiyo. Ayimba alifariki Mei 2021. Jina lake lingestahili kuandikwa kwenye uwanja fulani nchini.

Nyumbani, ukuaji wa kweli ulikuwa magharibi, na uliletwa na miwa. Kampuni ya sukari ya West Kenya iliifadhili timu ya Kabras, ikaipa makao katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, Kakamega, na mji ambao watu wake walikuwa wa soka tangu zamani ukapata sababu ya kwenda uwanjani siku nyingine ya juma. Kabras walishinda Kenya Cup 2016, wakapoteza fainali baada ya fainali mbele ya timu ya KCB, kisha wakarudi kuwa mabingwa 2022. Nakuru nao walikuwa wametwaa kombe hilo 2013 na 2014. Sasa shabiki wa Nairobi alilazimika kusafiri kwenda kuona timu yake ikipigwa.

Hapa ndipo mtu wa Migori anapopaswa kusimama kidogo. Sisi pia tuna miwa. Awendo ina kiwanda cha sukari cha Sony, na kiwanda hicho kiliwahi kufanya kama cha Kabras, isipokuwa kiliweka fedha katika soka. SonySugar walikuwa mabingwa wa ligi kuu mwaka 2006, wakaleta Awendo timu zote kubwa za nchi. Mwaka 2019 fedha zilikauka, timu ikashindwa kufika kwenye mechi zake, ikaondolewa ligini. Umati ule haukuhamia kwingine, ulirudi nyumbani. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha Sony kwa kampuni ya Busia Sugar, siku zile zile ilipowapa West Kenya, wenye Kabras, kiwanda cha Nzoia. Ninawaomba wapangaji wapya wa Awendo waitazame Kakamega. Lakini na Kakamega nayo ijifunze kwa Awendo: timu inayotegemea mfuko mmoja iko hatarini siku mfuko huo utakapotoboka, hata ikiwa na makombe mangapi kabatini.

Kisumu ndiyo iliyoisogeza raga hadi mlangoni petu. Msururu wa kitaifa wa saba saba una Christie ya Nairobi, Kabeberi, Prinsloo ya Nakuru, Driftwood ya Mombasa, na Dala Sevens ya Kisumu, mashindano ambayo kijana wa Homa Bay anayafikia na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Juni 2019 mechi ya mkondo wa kwanza ya Kombe la Elgon, ambalo Kenya na Uganda hushindania kila mwaka zinapopatana, ilichezwa Mamboleo, Kisumu, na watu wa ziwani wakaiona timu ya taifa ya wachezaji 15 kwenye ardhi yao. Miaka miwili baadaye, katika Madaraka ya 2021, Mamboleo ikapata uwanja mkubwa. Utaratibu wa kuzungusha sikukuu za kitaifa kati ya kaunti umefanya mengi kwa michezo kuliko sera nyingi zilizoandikwa: Kericho 2023, Bungoma 2024, Homa Bay 2025.

Ya karibuni yanajulikana. Mwaka 2018 wachezaji wa Shujaa walificha nembo ya mdhamini kwenye jezi zao huko Paris kwa sababu ya malipo, na ugomvi huo ukatuaibisha duniani bila kutatua tatizo lenyewe. Katika msururu wa dunia tulishushwa daraja 2023, tukarudi 2024, tukashuka tena 2025. World Rugby, chama kinachosimamia raga duniani, ikaipangia Nairobi duru ya kwanza ya daraja la pili, Nyayo, tarehe 14 na 15 Februari 2026. Kampala, kwa upande wao, waliandaa Kombe la Afrika la wachezaji 15 mwaka 2024 na 2025.

Huku kwetu, Lambwe lilikuwa bonde la mbung'o, na wengi waliogopa kuhamia humo kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kwa hiyo watu wa hapa wamezoea kufikiwa na mambo mwisho. Katika raga hakuna sababu ya kuwa hivyo tena. Sheria inaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 94 kati ya mistari ya goli, na mita sita nyuma ya kila mstari, kwa hiyo uwanja wa soka wa mita 105 unakaribia kabisa kutosha. Kinachohitajika ni milingoti, rangi ya kuchora mistari, na walimu wa michezo waliofunzwa katika shule za Homa Bay, Suba, Ndhiwa, Rongo na Awendo.

Ombi langu ni kwa Chama cha Raga cha Kenya na kwa serikali za kaunti za Homa Bay na Migori. Msururu wa kitaifa unapopangwa, duru moja iletwe Homa Bay, na iletwe mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mashindano ya mara moja hayajengi umati. Kiingilio kiwe cha mkulima na mvuvi. Timu za shule zicheze asubuhi kwenye uwanja ule ule ambao Kabras na KCB watacheza alasiri. Na mashabiki wa Lambwe, ambao mmekuwa mkisafiri hadi Mamboleo kwa nauli yenu, siku hiyo ikitangazwa jazeni majukwaa.