Una Benz ama Bimma kuukuu South Coast? Hivi ndivyo utaiweka barabarani bila kufilisika

Simama stage ya Ukunda nusu saa tu, utaziona zikipita. E-Class ya macho manne, BMW Series 3 yenye rangi imechunwa na jua, Range Rover imeinama upande mmoja kama imechoka na maisha. Ndai ambazo zamani zilikuwa za mabosi, leo msee wa kawaida anaweza kununua kwa bei ya Vitz.

Na hapo ndipo wengi huingizwa box. Kenya hairuhusu gari iliyotumika iingizwe nchini ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo Benz kuukuu unayoiona Diani imekaa hapa kitambo na imepitia mikono kadhaa. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea haijashuka. Pampu ya Benz inabaki pampu ya Benz, hata kama gari lenyewe umelinunua kwa pesa ya chama.

Kama tayari unayo, ama unapanga kuinunua ufanye kazi ya harusi na kubeba wageni wa hoteli, soma hii kwanza.

Kabla hujatoa doh

Ingia eCitizen, upande wa NTSA, ulipie rekodi ya gari. Ni shilingi 550. Utaona jina la mmiliki, na kama benki bado iko ndani ya logbook utajua. Jina likikataa kufanana na kitambulisho cha anayekuuzia, hepa.

Odomita usiiamini sana. Kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Angalia raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari inayosema kilomita 90,000 lakini pedali imelika mpaka chuma, hiyo imetembea mara mbili ama tatu zaidi.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa moto jua kuna kitu anaficha. Injini baridi ndiyo husema ukweli. C-Class za Kompressor zenye injini ya M271, na BMW zenye N42 ama N46, zinajulikana kwa shida ya cheni ya injini. Ukisikia mkwaruzo wa chuma sekunde za kwanza, hesabu pesa ya cheni kabla ya kutaja bei. Kwa hizo BMW, moshi wa bluu baada ya kukaa foleni ni ishara kuwa sili za vali zimekufa na injini inakunywa oili.

Mwisho, lipa fundi mwenye mashine aipime kwa kompyuta. Bila hiyo unanunua mbuzi ndani ya gunia.

Adui wa kwanza ni chumvi

Nairobi gari huzeeka kwa mashimo. Huku kwetu inazeeka kwa hewa. Upepo wa bahari unaleta chumvi ambayo inaingia kwa chasisi, paipu za breki na waya. E-Class ya W210, iliyoanza kutengenezwa 1995, ilikuwa na sifa mbaya ya kutu hata kule Ulaya. Sasa fikiria imelala Diani miaka kumi, hatua chache kutoka ufuoni.

Usioshe juu peke yake. Ambia mwosha gari apige maji baridi chini pia, angalau mara mbili kwa mwezi, na mara moja ukitoka ufuoni. Ile picha ya gari juu ya mchanga mawimbi yakigusa tairi inapendeza kwa simu, ila chuma kitalipa.

Kitu kingine ni waya za ati, zile zinazounganisha betri na bodi. Zikiota ule unga wa kijani, gari inaanza vituko: taa zinajiwasha, giaboksi inakataa, dashibodi inajaa rangi kama disko. Wasee wengi wameuziwa kompyuta mpya wakati shida ilikuwa waya wa kusafishwa kwa brashi.

Joto: feri ya Likoni na mlima wa Kwale

Hizi ni sehemu mbili ambazo injini kuukuu hupimwa. Foleni ya feri unakaa na AC imewashwa, hakuna upepo mbele, kila kitu kinategemea feni. Kupanda kutoka Kombani hadi mjini Kwale, injini inavuta kwa nguvu muda mrefu. Feni ikiwa dhaifu itajulikana Likoni. Redieta ikiwa imeziba, utajua njiani ukienda Kwale.

BMW za E46 na E39 zina tangi la maji la plastiki, na plastiki hukauka na kupasuka. Ikiwa haijulikani lini lilibadilishwa, badilisha tangi, thamostati, pampu ya maji na mipira yake pamoja. Ni chungu mara moja, kuliko kulipia gasketi ya hedi baadaye.

Na tafadhali, usijaze maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya pwani hii ni ya chumvi ama magumu, yanaacha magamba ndani ya redieta na kula alumini. Tumia kulanti sahihi iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na uibadilishe kila miaka miwili.

Mshale ukipanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho, toka barabarani, zima injini. Kifuniko usikifungue mpaka kipoe. Maji yale yatakuunguza uso.

Giaboksi: usidanganywe kuhusu oili ya maisha

Utaambiwa giaboksi ya Benz haibadilishwi oili. Si kweli kwa gari unayotaka iishi. Kila kilomita 60,000 badilisha oili na filta yake, na uweke aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Ile giaboksi ya gia tano ya Benz, 722.6, ina plagi ya waya ambayo sili zake huchoka. Oili inavuja, inapanda kupitia waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Plagi ni bei ya chini, kompyuta ni maumivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari imelala chini asubuhi

Kama S-Class ama E-Class yako ina Airmatic, inasimama juu ya mifuko ya hewa. Mfuko ukivuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ukiona kona moja imeshuka usiku, tengeneza mfuko wiki hiyo hiyo. Ukingoja, utalipia vyote viwili.

Breki: hapa hakuna kubahatisha

E-Class ya W211 ya 2002 hadi 2006 ina breki za umeme zinazoitwa SBC. Mercedes yenyewe iliita magari 680,000 hivi mwaka wa 2004 kwa sababu ya mfumo huo, kisha mwaka wa 2005 ikaita magari milioni 1.3 kukagua mifumo kadhaa, breki hizo zikiwemo. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga, na ikifika kikomo inakuonya. Ikizima, unabaki na breki za mbele tu, pedali ngumu, na gari inachukua umbali mrefu kusimama. Fikiria hilo ukishuka kutoka Kwale na abiria wanne.

Onyo jekundu likiwaka, paki. Na fundi asiguse pedi kabla ya kuzima mfumo huo kwa mashine, maana breki inaweza kujibana yenyewe na kumkata vidole.

Kwa gari yoyote, maji ya breki yanavuta unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Badilisha kila miaka miwili. Tairi nazo soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzee hupasuka hata kama meno bado yapo.

Spea na fundi

Usinunue spea kwa kutaja "Benz ya macho manne". Tumia namba ya chasisi upate namba kamili ya spea. Bosch, Lemförder, Sachs na Mahle hutengenezea viwanda hivi hivi, kwa hivyo boksi lenye jina lao huwa nafuu kuliko lenye nyota, ila nunua kwa duka linalokupa risiti maana feki zimejaa. Mlango, taa ama kioo cha mtumba ni sawa. Pedi, bushi, mipira na cheni za mtumba, hapana.

Fundi mzuri anapima kabla ya kubadilisha, na anakurudishia spea ya zamani uione. Anayebadilisha kitu baada ya kitu akikisia, anajifunza kwa pesa yako.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila wiki: oili, kulanti, upepo wa tairi.
- Kila mwezi: osha chini angalau mara mbili, kagua waya za betri.
- Kila kilomita 7,000 ama miezi sita: oili ya injini na filta.
- Kila miaka miwili: kulanti na maji ya breki.
- Kila kilomita 60,000: oili ya giaboksi.

Hesabu ya mwisho

Ukiwa na laki nne, usinunue gari ya laki nne. Nunua ya laki tatu, ile moja iweke kando, kwa sababu mwaka wa kwanza utaihitaji. Na kama kutu imefika pale suspensheni inaposhikilia bodi, usianze kupaka rangi. Iuze kwa vipande ukiwa bado unaweza kupata kitu. Hiyo haifai kubebea bibi harusi kwenda Msambweni, wala mathe wako kwenda hospitali.