Dola ya Zenj: Himaya Isiyokuwapo

Katika vitabu vya historia vilivyosomeshwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni lilikuwapo jina kubwa: Dola ya Zenj. Ilidaiwa kuwa iliasisiwa na watu wa Shirazi mwaka 975, ikatawala mwambao kutoka Mogadishu hadi Sofala, na kuanza kuporomoka Wareno walipofika mwaka 1498. Hoja yangu katika mhadhara huu ni kwamba dola hiyo haikuwapo. Iliundwa mezani, kwa kuunganisha maandishi ambayo kila moja lilikuwa na shabaha yake.

Tuanze na jina. Wanajiografia wa Kiarabu waliposema Zanj walikusudia watu na nchi yao, si serikali. Al-Masudi, aliyesafiri mara ya mwisho kutoka Qanbalu mwaka 916, anamtaja mfalme. Lakini mfalme huyo ni wa Wazanj wenyewe, na akidhulumu waliweza kumwua. Hapo hapana Mshirazi wala merikebu saba.

Merikebu hizo zatoka katika tarehe ya Kilwa, iliyotufikia kwa njia mbili: kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na hati ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa. Hati yasimulia kwamba baba na wanawe sita waliondoka Shirazi, na kila merikebu ikatia nanga mahali pake. Ni nasaba iliyoandikwa kuwapa watawala wa Kilwa haki ya kutawala Kilwa. Barros, kwa upande wake, asema mtawala mmoja alimiliki biashara ya Sofala na visiwa vya Pemba, Mafia na Unguja. Hilo si jambo dogo, ila si mwambao wote. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, Mombasa na Malindi zilikuwa mahasimu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaichoma Mombasa, na Malindi ikabaki rafiki wa Wareno. Dola gani hiyo ambayo miji yake haikusaidiana hata siku ya moto?

Wapo wanaotegemea sarafu za shaba za Kilwa. Moja imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kama sarafu zapima mipaka, basi Australia nayo ilikuwa jimbo la Kilwa!

Suala hili si la majina tu. Dola iliyoletwa na merikebu iliwanyang'anya wajenzi mji wao. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga ulionyesha makazi yaliyoanza karne ya 8, yenye nyumba za miti na udongo chini ya zile za mawe. Hata hivyo tusikimbilie uzushi wa upande wa pili. Utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha kwamba asili ya Kiajemi iliingia hasa kwa akina baba, ikachanganyika na ya akina mama wa Kiafrika tangu karibu mwaka 1000. Nasaba ya Kishirazi ina ukweli ndani yake. Utawala mmoja wa mwambao hauna.

Na hati yenyewe yasema zaidi ya walivyotaka waliounda dola. Wageni walipofika Kilwa walimkuta Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti ulikuwa umekwisha jengwa. Ndiye aliyewaeleza kwamba mwenye kisiwa yuko bara akiwinda. Kisiwa kikanunuliwa kwa nguo za kukizunguka.