ResizeObserver

ResizeObserver ni nyenzo iliyomo ndani ya vivinjari vya wavuti inayoiarifu programu ya JavaScript kila mara ukubwa wa elementi fulani ya ukurasa unapobadilika. Jina lake la Kiingereza lina maana ya "mtazamaji wa mabadiliko ya ukubwa". Kanuni zake huandaliwa na kikundi kazi cha CSS cha shirika la W3C. Hutumika hasa katika kurasa zinazojengwa kwa vijenzi, yaani vipande vinavyojitegemea kama vile menyu, jedwali, chati au ramani.

Sababu ya kuhitajika

Kwa miaka mingi vivinjari vilitoa taarifa pale tu dirisha zima lilipobadilika ukubwa. Taarifa hiyo haitoshi, kwa sababu elementi inaweza kupanuka au kusinyaa huku dirisha likibaki lilivyo.

Kwa mfano, dirisha lina upana wa pikseli 1200. Menyu ya pembeni inachukua pikseli 300, na chati inabaki na pikseli 900. Msomaji akiifunga menyu, nafasi ya chati inakuwa pikseli 1200, ingawa dirisha halikuguswa. Chati iliyochorwa kwa pikseli 900 haitajua kwamba imeongezewa nafasi, hivyo itaacha pengo tupu au itavutwa na kupoteza ung'avu. Hali kama hiyo hutokea pia maandishi yanapoongezwa, picha inapomaliza kupakuliwa au aina ya herufi inapobadilika.

Historia

Mwaka 2010 Ethan Marcotte, mbunifu wa tovuti kutoka Marekani, alieleza namna ya kutengeneza kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini. Njia hiyo ilipima skrini au dirisha. Baadaye maktaba za vijenzi kama React (2013) na Vue (2014) zilienea, na kijenzi kimoja kikaanza kutumika mahali pengi penye nafasi tofauti. Hapo upana wa dirisha haukuweza tena kukieleza kijenzi kimepewa nafasi kiasi gani.

Watengenezaji wa programu walitumia mbinu za muda. Wengine walipima elementi tena na tena kila baada ya sehemu ya sekunde, jambo lililochosha kompyuta na kumaliza betri za simu. Wengine walificha ndani ya elementi vipande visivyoonekana ambavyo vilitoa ishara vilipovutwa.

ResizeObserver iliingizwa katika Chrome 64 mwaka 2018, Firefox 69 mwaka 2019 na Safari 13.1 mwaka 2020.

Utendaji

Programu huunda mtazamaji na kumpa kitendakazi cha kuitwa mabadiliko yanapotokea. Kisha hutumia amri tatu:

- observe: kuanza kutazama elementi fulani;
- unobserve: kuacha kutazama elementi hiyo;
- disconnect: kuacha kutazama elementi zote.

Mtazamaji mmoja anaweza kutazama elementi nyingi. Taarifa ya kwanza kwa kawaida hutolewa mara utazamaji unapoanza, kwa hiyo kijenzi hupata kipimo chake cha mwanzo bila kusubiri badiliko. Kipimo cha kawaida ni cha eneo la ndani la elementi, bila pambizo za ndani wala mpaka, lakini programu inaweza kuomba kipimo kinachojumlisha mpaka.

Elementi ikifichwa kabisa, ukubwa wake huhesabiwa kuwa 0. Ikikuzwa au kuzungushwa kwa amri ya CSS iitwayo transform, taarifa haitolewi, kwa kuwa nafasi yake katika mpangilio wa ukurasa haijabadilika.

Kuzuia mzunguko usio na mwisho

Tatizo gumu zaidi ni hili: kitendakazi kinachopokea taarifa kinaweza chenyewe kubadilisha ukubwa. Elementi ya pikseli 200 ikiarifiwa na kujiongeza pikseli 10, italazimika kuarifiwa tena, ijiongeze tena, na ukurasa ungekwama.

Kivinjari hutoa taarifa baada ya kupanga elementi na kabla ya kuzichora kwenye skrini. Badiliko jipya likitokea wakati huo, huarifiwa papo hapo ikiwa tu liko kwenye elementi iliyo ndani zaidi kuliko ile ya juu kabisa iliyoarifiwa katika duru iliyotangulia. Kwa kuwa kila duru hushuka ngazi, lazima ifike mwisho. Taarifa zilizobaki huahirishwa hadi mchoro unaofuata, na kivinjari hutoa ujumbe wa kosa. Ujumbe huo hauzimi ukurasa, ila ukijirudia ni dalili kwamba kijenzi kinajibadilisha chenyewe.

Matumizi katika vijenzi

Kijenzi huanza kutazamwa kinapowekwa kwenye ukurasa, na utazamaji husitishwa kinapoondolewa, ili kumbukumbu ya kompyuta isishikiliwe bure. Dirisha linapovutwa kwa kipanya, taarifa zinaweza kuja kwa kila mchoro, ambao kwenye skrini nyingi ni mara 60 kwa sekunde. Kwa hiyo kazi nzito huahirishwa hadi mabadiliko yatulie.

Tangu miaka ya 2022 na 2023 vivinjari vikuu vinaruhusu CSS yenyewe kubadilisha mwonekano kulingana na ukubwa wa elementi inayobeba kijenzi. Njia hiyo inatosha kwa rangi, nafasi na mpangilio. ResizeObserver hubaki muhimu pale hesabu inapohitajika, kama vile kuchora chati upya au kuamua idadi ya safu za jedwali zinazoenea.