Bima ya Ng'ombe na Mafuriko ya Mto Tana: Yampasayo Kujua Kiongozi wa Kujitolea

Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023 zilipoujaza Mto Tana, nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wafugaji karibu na Garsen. Kazi hii haina mshahara. Unaandika majina, unakusanya michango, unapigiwa simu usiku. Maji yalipopungua, mzee mmoja aliyepoteza ng'ombe saba alinijia. "Katibu mwanangu, ile bima yetu inalipa lini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyepokea pesa zake na kumwambia mifugo yake imekingwa. Mkataba sikuwa nimeusoma hadi mwisho. Ilikuwa bima ya ukame.

Naandika haya ili kiongozi mwingine asije akasimama pale niliposimama mimi.

Bima ya malisho

Bima inayojulikana sana kwetu ni ile inayotumia setilaiti. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake ambao baadaye ulifika Tana River. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo zima na kuulinganisha na wa miaka iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyejiunga katika eneo hilo hulipwa. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Hesabu huenda kwa kipimo cha ng'ombe mmoja, na mbuzi au kondoo kumi huhesabiwa sawa na ng'ombe huyo.

Kwa ukame, mpango huu una manufaa, kwa kuwa mfugaji hupata pesa za kununulia lishe na dawa. Lakini mafuriko yakipita, nyasi humea. Setilaiti huona kijani, huku mwenye ng'ombe akitazama zizi tupu.

Bima ya ng'ombe mmoja mmoja

Aina ya pili humkinga ng'ombe mwenyewe, na wanaoikata zaidi ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Daktari wa mifugo humkagua, humkadiria thamani na kumtia hereni sikioni. Mkataba ukitaja mafuriko, kifo kwa maji hulipwa. Tatizo ni ushahidi, kwani mto huondoka na mzoga pamoja na hereni yake.

Takaful

Wengi wetu huogopa bima kwa sababu ya riba na biashara isiyo wazi. Katika takaful, wanachama huchanga kwa nia ya kusaidiana, na aliyepatwa hulipwa kutoka mfuko huo. Takaful ya mifugo ilifika Wajir mwaka 2013, lakini nayo ilifuata kipimo cha malisho. Kuwa halali ni jambo moja, kukinga mafuriko ni jingine. Uliza yote mawili.

Kabla ya kupokea hata shilingi

Muulize wakala maswali haya mbele ya wanachama, si pembeni:

1. Neno mafuriko limeandikwa wapi katika mkataba? Akuonyeshe kwa kidole.
2. Maradhi yanayofuata maji yamo? Mvua kubwa za 1997 na 2006 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa.
3. Mzoga ukichukuliwa na maji, ushahidi gani utakubaliwa?
4. Taarifa ya kifo itolewe ndani ya siku ngapi, na kwa nani?
5. Kinga inaanza lini? Kukata bima mto ukiwa tayari umefurika huenda kusikusaidie.

Majibu yaandikwe, yasomwe kwa lugha ambayo wazee wanaielewa, iwe Kiorma, Kipokomo au Kiswahili.

Daftari na simu

Sisi sasa tuna daftari la mifugo. Kila miezi mitatu tunahesabu, tunapiga picha, na afisa wa mifugo anatia sahihi. Nakala moja hukaa mbali na mto.

Mabwawa ya juu, kama Masinga na Kiambere, yakijaa, maji hutufikia sisi wa bondeni hata kama kwetu hakujanyesha. Tangazo likitoka, watu wawili waliochaguliwa hupiga simu kila boma, na ng'ombe huhamishiwa nyanda za juu kupitia njia tuliyokubaliana mapema na wakulima, tusije tukakimbia maji tukaangukia ugomvi wa mashamba.

Na baada ya maji, mnyama aliyekufa haliwi wala hapasuliwi. Homa ile huua na watu.

Yule mzee nilimwendea, nikamwambia ukweli mbele ya kikundi kwamba kosa lilikuwa langu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi mara nyingine tusomee sote." Tangu siku hiyo, hakuna mkataba unaotiwa sahihi kwetu kabla ya kusomwa kikaoni, ukurasa kwa ukurasa.